Kamba ya Kuruka

Kaka yangu,

Huku tunaendelea hivyo hivyo. Jikoni tumepaka rangi, na kamba ya kuruka uliyomtumia binti yako imefika. Viatu usitume tena, vya mwaka jana soli bado nzima.

Kila ukipiga simu unaniuliza anaendeleaje na michezo, kwa kuwa mwalimu wake ni mimi shangazi yake. Mtoto wa darasa la pili huruka kwa mguu mmoja mara tano hivi, na akifika la tatu huruka hata kumi. Wako alipokuwa la pili aliruka nane. Muhula uliopita aliruka tatu. Juzi aliinua mguu, akanishika bega, akasema, "Shangazi, andika zile za zamani."

Nikaandika nane. Ndizo nilizokusomea kwenye simu, nawe ukaenda kujisifu kazini.

Daktari anasema ni ugonjwa wa misuli, na hauna dawa.

Kamba ameipenda. Wenzake wanaruka, yeye anashika ncha moja na kuizungusha. Tangu Jumatatu anaizungusha kwa mikono miwili.

Ukija, usisimame getini kumngoja akukimbilie. Ingia mpaka ndani.

Dada yako