Asubuhi Sita za Baba na Cherehani

Shoga, uko wapi? Soma hii, nimeishiwa nguvu.

Unakumbuka kaka yangu fundi alivyokuwa akimrekodi baba, kabla kiharusi hakijamfunga ulimi? Asubuhi sita nzima! Wanashona sare za shule, baba anasimulia alivyokutana na marehemu mama, simu iko mezani. Kaka akasema, "Hizi ni za wanangu."

Leo kawakusanya watoto sebuleni, baba yuko kitini kwake. Kabonyeza.

Cherehani, shoga. Trrrrrr! Cherehani tupu!

Zote sita hivyo hivyo. Baba anasikika kama mtu aliye ndani ya pipa, hushiki hata neno. Inayosikika vizuri ni sauti ya kaka, maana simu ilikuwa upande wake: "Ehe... ehe... endelea, baba."

Binti yake mdogo akamwuliza, "Sasa baba, si ulikuwepo? Tusimulie wewe."

Si ulikuwepo! Kumbe kaka alikuwa akiitikia tu, akili yote iko kwenye mishono, akijua simu inamsikilizia.

Baba akataka kumsaidia. Midomo inahangaika, mishipa ya shingo imemtoka, na kinachotoka ni "aa, aa" tu. Kaka akampangusa mate. "Basi, baba. Basi."

Ndiyo kanipigia sasa hivi, analia kama mtoto. "Dada, wewe unakumbuka chochote?"

Nikamwambia walikutana kwenye foleni.

"Foleni ya nini?"

Sijui, shoga. Sijui.