Nimepeleka Picha ya Mume Wangu na Gwanda

Shangazi Tunu, shikamoo, mwenzio nimejitia matatani. Mimi Ange ni fundi cherehani hapa Kasulu, nilisikia kambi moja ya jeshi inatafuta mafundi wa kushona sare, nikasema Mungu kanikumbuka, nikajaza fomu za zabuni, leseni nikaweka, lakini sisi mafundi wa huku hatupati kazi kwa maneno, mteja mpaka aione nguo mwilini, basi nikapata kitambaa cha mabakamabaka kwa mchuuzi wa Munanila, kule mpakani, nikashona gwanda zima, nikamvalisha mume wangu Claude, akagoma, nikambembeleza, akasimama mlangoni kapiga saluti, nikampiga picha, nikaambatisha na jina lake kamili, nikapeleka.

Jana Safina, mke wa askari, kaja kuchukua gauni lake, nikamwonyesha picha kwa majivuno. Akapiga ukelele: "Ange! Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na wewe ushahidi umewapelekea wenyewe?" Mana yanje, Mungu wangu! Wazazi wa Claude walikuja wakimbizi kutoka Burundi, uraia kaupata ukubwani, sasa anasema watamnyang'anya, kafunga begi anataka kujificha kwa dada yake Kakonko. Shangazi, niichome nguo? Niseme kwenye picha ni shemeji?

Ange, Kasulu

Ange, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza sikuamini. Saluti tena! Hivi fomu uliisoma, au uliishia penye kujaza jina? Ungepeleka shati la kawaida, mshono wako wangeuona. Pole mwanangu, najua ulitafuta kazi. Lakini huyo shemeji unayetaka kumtwisha msala kakukosea nini?

Usichome kitu, picha si wanayo? Claude naye afungue hilo begi, akikimbia ndiyo atawatia watu wasiwasi. Habari za uraia mkamuulize wakili, si majirani. Kisha leo leo mwenyekiti wa mtaa awasindikize polisi, mkabidhi gwanda na kitambaa kilichobaki, na kambini uandike barua ya kuondoa maombi yako. Sikudanganyi kwamba yataisha kwa kicheko, hilo silijui.

Ila mkifika kaunta, usimwache mumeo ajieleze. Tangulia wewe, useme: nimeshona mimi, nimemvalisha mimi.