Mkia wa Linki ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Kazi mpya, ya kuchosha macho. Kukata mikia ya linki. Wateja wa lile duka la mapazia tunalolitangazia wamelalamika: linki ndefu kama treni, na mwishoni, baada ya alama ya kuuliza, kumebandikwa jina la kampeni, tarehe, mpaka namba ya mteja mwenyewe. Ukimtumia mwenzako linki yako, kila akiibofya, ripoti inasema ni wewe. Watu hawataki kufuatwafuatwa — na wana haki. Bosi anataka mikia yote ikatwe, na kumbukumbu zake zifutwe, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Nimeshukuru. Kazi isiyotaka akili ndiyo ninayoiweza siku hizi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemkuta Mama kwenye orodha.

Nilimsajili mwenyewe mwaka jana, tulipokuwa tunahangaikia wateja. Jina halikunishtua. Kilichonishtua ni safu ya pembeni: amebofya mara ya mwisho leo, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi.

Leo! Wiki ya saba hii tangu tumzike.

Jirani yangu wa meza, tunayemwita Miwani, aliona nimeganda. Akasema labda simu ya marehemu imeibwa. Haijaibwa. Iko kabatini kwangu, imezimwa, nimeiviringisha kwenye kitambaa chake cha kichwa. Nikaenda chooni, nikafungulia bomba nisisikike.

Jumatano, 6 Machi

Nimefungua kumbukumbu zake zote. Linki ni moja tu, ya pazia la sebuleni. Inabofywa kila siku mara moja, asubuhi. Haikuruka hata siku ya mazishi.

Mpaka saa sita ndipo nikaelewa — mimi ninayelipwa kwa kuelewa haya mambo. Mama alimtumia mtu linki hiyo, pamoja na mkia wake. Na wa kumtumia pazia la sebuleni ni mmoja tu. Baba.

Baba, ambaye hakutoa chozi. Aliyekula, akalala, siku ya tatu akarudi kwenye kibanda chake cha kushona viatu. Nilimwambia kaka kwenye simu kwamba mzee wetu ana moyo mkavu. Kaka akaitikia. Leo natamani niyameze yale maneno.

Alhamisi, 7 Machi

Niliomba ruhusa saa tisa, nikaenda kibandani. Nikamkuta Baba anagonga soli, misumari mdomoni. Nikamweleza polepole: kazi yangu ni nini, mkia ni nini, nimeona nini. Akaitema misumari kiganjani. Alidhani amekosea, akauliza kama nitafukuzwa kazi kwa ajili yake.

Nikasema hapana. Akafuta mikono, akanionyesha simu. Meseji ya mwisho ya Mama, saa tano na robo, asubuhi ileile aliyoanguka jikoni. Linki, na chini yake: "Mzee mwenzangu, ya kijivu au ya bluu? Na usiniambie zote sawa."

Chini ya hapo, hakuna kitu.

Aliiona, akasema. Alikuwa na mteja. Akajiambia atajibu akienda kula.

"Kila asubuhi naifungua nichague," akasema. "Sasa nikishachagua, nimwambie nani?"

Nikaokota kiatu cha mtu nisiyemjua, nikakifuta vumbi.

Nikamtoa wasiwasi kwamba mapazia atayaona kama kawaida. Kinachoondoka ni jina la Mama tu. Akaitazama tena simu.

"Kwa hiyo huko kwenu bado anahesabiwa yupo?"

"Ndiyo, Baba. Mpaka kesho saa sita."

Akairudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tano. Wote nimewamaliza, kasoro mmoja. Mstari huohuo tangu saa tatu. Bosi kapita mara mbili. Mara ya pili nikamwambia ukweli. Akanipa pole, ya dhati kabisa. Akasema lakini wateja wameahidiwa, hawezi kubakiza hata mmoja, na kama nashindwa atanisaidia kufuta. Si mtu mbaya. Nikasema nitafuta mwenyewe.

Saa tano na nusu. Mlinzi kapiga simu kutoka getini. Kuna mzee pale chini, kavaa suti, hataki kukaa. Nikauliza anamtaka nani. Mlinzi akasita. Akasema kamuuliza mara mbili, jibu ni lilelile: amekuja kumwona mke wake, aliambiwa mwisho saa sita.

Nimesema apande. Lifti mbovu. Miwani kanyanyuka, kanisogezea kiti chake. Bosi kasimama mlangoni, anaangalia saa. Nimekuza maandishi mpaka jina la Mama limejaa skrini nzima, maana herufi ndogo Baba hazioni. Viatu nasikia kwenye ngazi. Kapumzika ghorofa ya kwanza. Ya pili sasa —