Barabara Katika Chumba Chetu

Jumatatu, 12 Agosti 1974

Nimerudi kutoka mgodi wa Mutoshi na vumbi mpaka ndani ya masikio. Mke wangu Kanku ananingoja mlangoni na habari: anataka kupakisha rangi chumba chetu cha kulala. Si chokaa nyeupe kama kila mwaka. Anataka barabara! Taa, taxi, bar, watu wanapita, ukuta kwa ukuta, kama mjini. Zamu yake ya likelemba imefika, ule mchango wa wanawake wa sokoni, na safari hii hataki sahani wala pagne, kitenge kipya.

Nikamwambia chumba ni cha kulala, si cha kutembea. Akacheka. Eti kuna artisti mmoja, Banza, mtu wa Manono. Ndiye aliyepamba bar karibu zote za mtaa wa Manika, hapa Kolwezi.

Nikasema haya, fanya. Nilikuwa na njaa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemwona huyo Banza. Mi nilidhani artisti ni mzee mwenye koti limejaa rangi. Huyu hajapita miaka ishirini na tano! Pantalo la miguu mipana linafagia sakafu. Viatu vya kisigino kirefu. Kofia pembeni. Chumba kizima kinanuka marashi yake.

Alinisalimia kwa mikono miwili: "Jambo yenu, Tata Kalala." Tata, yaani baba! Nina thelathini na tisa tu. Ni heshima, najua. Lakini ilinikaa vibaya.

Alisimama katikati, akaangalia kitanda chetu. Muda mrefu. Akasema kivutwe mbali na ukuta. Tukakivuta, mi upande huu, yeye upande ule. Kitanda changu cha ndoa. Sikupenda.

Jumamosi, 17 Agosti

Ukuta wa kushoto umekwisha. Kwa kuwa hakuna anayesoma kaye hii, daftari langu, naandika ukweli: ni mzuri. Matofali ameyachora moja moja, mkono unataka kuyagusa. Kuna taxi, Volkswagen, mlango wazi, mguu wa mwanamke unatoka. Kuna bar yenye watu wanaocheza. Kanku naye amepigilia sahani za santuri zilizovunjika kuzunguka kioo, na juu ya kitanda ametundika mfuniko wa gurudumu la gari, unang'aa kama mwezi. Taa yetu sasa ni nyekundu. Msalaba umehamia sebuleni.

Majirani wamekuja mchana kutwa kuangalia, kama kwenye harusi. Mukalay wa kazini naye alifika. "Kalala, bibi yako anakuletea Kinshasa ndani ya nyumba!" Kila mtu: Banza, Banza, mikono ya Banza. Hakuna hata mmoja aliyesema chumba cha Kalala.

Jumanne, 20 Agosti

Leo nimekosea kuandika saa za watu kumi na mmoja. Mi, pointeur wa miaka kumi na minne! Chef alinipigia kelele mbele ya wote. Saa sita nikasema kichwa kinauma, nikapanda kamyo ya kwanza, lori la kurudi mjini.

Nilifika uani, nikasikia Kanku anacheka. Si kile kicheko cha mbele ya mapadri. Kile cha tumboni. Halafu sauti ya yule: "Hapana, Henriette. Simama pale, nione kivuli."

Henriette!

Tangu majina ya Kizungu yakatazwe, kazini mi ni citoyen Kalala, raia Kalala. Jina langu Barnabé limebaki kwenye karatasi ya ubatizo. Henriette, jina la Kanku, lilibaki ndani ya nyumba hii, katika kinywa changu tu, mlango ukifungwa. Na si kila siku. Leo linatoka katika kinywa cha mpaka rangi, mchana, mlango wazi.

Niliingia. Kanku ameshika kopo, rangi ya bluu shavuni. Banza juu ya kiti na pinso, brashi yake. Binti yetu Ngalula anacheza sakafuni. Hakuna kosa la kusema. Ndilo linaloniuma — hakuna kosa la kusema!

"Umerudi mapema," Kanku akasema. Nikasema kichwa. Akaniletea maji na aspirini. Nikameza dawa ya ugonjwa nisio nao.

Jumatano, 21 Agosti

Kichwa kinauma kweli.

Alhamisi, 22 Agosti

Tulikuwa wawili tu chumbani, nikamuuliza: hii ni barabara gani ya Kinshasa? Akaniangalia kama mtu asiyejua njia ya kwake.

"Ni kwetu. Kamalondo."

Kumbe! Ni avenue aliyokulia, Lubumbashi. Akaanza kuonyesha kwa kidole. Hapa ni kwa nkambo wake, yule bibi mzee aliyezaa mama yake. Hapa bomba la maji ambapo wasichana walipigania ndoo. Huyu mama wa beignets, yale maandazi, alimpiga kofi siku moja, kumbe aliyeiba ni mwingine. Akasema na rangi ya mlango wao ilivyokuwa, na nani aliipaka. Nimekaa naye miaka saba. Sikujua hata moja. Banza amejua yote kwa siku nane!

"Yeye umemuelezea bintu byote," nikasema. "Mi haukuniambiaka."

"Haukuniulizaka, Barnabé."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anakunja shuka. Nami nikakumbuka: mwaka wa kwanza alikuwa anaanza, "Kule Kamalondo..." nami namkata, namwambia habari za barabarani aziache barabarani, sasa yuko Kolwezi. Nimekumbuka vizuri. Sikumwambia kwamba nimekumbuka.

Jumamosi, 24 Agosti

Kuna mwanaume ukutani.

Ukuta wa kulia, ule unaotazama kitanda, chini ya taa ya barabara. Mrefu. Suti nyeupe, kofia, mkono mmoja mfukoni. Alhamisi hakuwa na sura. Jana alikuwa nayo, jioni ikafutwa. Leo asubuhi ya pili — ikafutwa. Mchana nilikaa sebuleni, mlango wazi, nikasikia Kanku anamwelekeza Banza: macho yasogee. Shavu lipungue. Acheke, lakini asifungue kinywa.

Mi, Kanku hajawahi kuniangalia vizuri hivyo.

Saa kumi Banza akashuka kwenye kiti. Kanku aliangalia ukuta, akakaa kitandani ghafla, akalia. Akalia na mikono wazi, bila kujificha! Banza akakusanya makopo yake, akapita mbele yangu bila kuaga, akaenda.

Nikauliza: huyu nani?

"Mutu wa barabara."

Mtu wa barabara haliliwi. Nikauliza tena. "Utajua. Acha rangi ikauke kwanza."

Nikilala upande wangu, ananiangalia. Kanku akilala upande wake, anamwangalia yeye. Nimejaribu pande zote mbili.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda misa. Kichwa, nikasema. Kanku akaenda na Ngalula.

Nikabaki na yule. Kijana mzuri, naandika tu. Mwanzoni nikasema ni Banza mwenyewe, amejichora katika chumba changu. Nikaangalia tena: hapana, pua si yake. Basi ni mtu wa zamani. Mchumba. Yule wa kabla yangu, ambaye hatukumtaja hata siku moja. Ndiyo maana barabara! Ndiyo maana machozi! Na mi nitalala chini ya macho yake mpaka nizeeke?

Nyuma ya jiko kulikuwa na chokaa ya mwaka jana. Nikaikoroga. Nikaanza na kofia. Mkono wa kwanza wa chokaa, tabasamu lake lilitokea tena, kidogo. Nikapaka wa pili. Akaisha, mpaka viatu. Haikuchukua muda hata wa kusali rozari nusu.

Nikanawa mikono. Nilijisikia vizuri. Muda ule wa kunawa mikono tu.

Jumatatu, 26 Agosti

Jana sikuweza kumaliza kuandika.

Walirudi saa tano. Kanku alifika mlango wa chumba na pagne yake ya misa, akasimama. Hakupiga kelele. Akaenda ukutani, akaweka vidole kwenye chokaa mbichi. Akashika ncha ya pagne, akaanza kufuta polepole, pale kwenye uso. Lakini rangi ya chini nayo haikuwa imekauka. Vyote vikatoka pamoja. Ikabaki tope la kijivu, na pagne imeharibika.

"Ni yaya Ngeleka," akasema.

Kaka yake mkubwa. Nilijua alikuwa na kaka, fundi wa nguo, aliyekufa kwa ajali ya kamyo kwenye njia ya Likasi, mwaka mmoja kabla ya ndoa yetu. Hilo nilijua. Sikujua kwamba ndiye aliyemlea tangu mama yao afe. Sikujua kwamba alikuwa anapita ile avenue Jumapili na suti aliyoshona mwenyewe, watoto wanamfuata nyuma, na Kanku mbele yao wote, ameshika mkono wake. Sikujua kwamba picha zake zote zilikwenda Kasai na mjane wake, na hazikurudi. Miaka minane Kanku hajaona sura yake. Ameiona Jumamosi.

"Nilikuwa nangoya akauke," akasema. "Nikuonyeshe muzuri. Niseme: huyu ni shemeji yako, musalimiane."

Nikamuuliza, hata hapo nikamuuliza! Na Henriette? Kwa nini Banza anakuita Henriette?

"Pale kwetu bote baliniita vile. Nilimuomba."

Amelala sebuleni na Ngalula.

Jumanne, 27 Agosti

Sombe na bukari mezani, kisamvu na ugali, vimefunikwa vizuri. Hasemi nami. Si kununa. Ni kama hakuna mtu.

Jioni nilikwenda Manika kumtafuta Banza. Kwenye bar wakaniambia ameondoka jana. Amepata kazi Tenke, kupaka bar karibu na stesheni. Na mi — niandike hili pia — kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Ameondoka! Nilitembea hatua kama ishirini na hiyo furaha. Halafu nikaona aibu, nikasimama njiani.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini. Treni ya Tenke, imejaa mihogo na kuku.

Nilimkuta juu ya ngazi, anachora mamba anayekunywa bia. Alishuka polepole, macho yake kwenye mikono yangu. Alidhani nimekuja kumpiga. Njiani niliwaza hilo, kweli.

Nikamweleza nilichofanya. Akakaa juu ya kopo la rangi.

"Tata Kalala. Ile sura niliihangaikia siku mbili."

Nikamwomba airudishe. Akatikisa kichwa. "Yule mutu mi sikumuonaka hata siku moya. Nilikuwa nafwata kinywa ya Mama Kanku. Ni yeye eko na ile sura, hapana mi."

"Basi kuya, akuelezee tena."

"Kama anataka."

Kisha nikamuuliza lile lingine. Nililizunguka sana, nikalisema vibaya. Kwamba mwanaume akikaa chumbani kwa mwanamke siku kumi, moyo si jiwe. Hakucheka. Alifunga kopo moja, akafunga la pili.

"Mi nilimupenda yule yaya wake," akasema. "Vile Mama alikuwa namusema."

Hilo ndilo jibu alilonipa. Sijui kama ni jibu. Nimelala kwa jamaa wa Mukalay hapa Tenke, nalipindua mpaka sasa.

Ijumaa, 30 Agosti

Tumerudi pamoja kwa treni, mi na Banza, tumekaa kwa kutazamana. Alilala njia yote, kinywa wazi kidogo. Nikamwangalia. Ana kovu chini ya kidevu. Je, Kanku amelijua hilo kovu?

Nyumbani nilimwambia Kanku: Banza yuko uani. Ukitaka, atajaribu tena. Kama hutaki, atarudi Tenke kesho, nitamlipia treni. Alikuwa anachambua maharagwe. Alimaliza sahani nzima kabla ya kunijibu.

"Akuye. Lakini weye utakaa inje."

Usiku kabla ya kulala nimekwangua chokaa yote kwa kisu. Ukuta uko tayari. Kuna kivuli cha mtu pale, bila kitu ndani.

Jumamosi, 31 Agosti

Niko sebuleni, kaye juu ya goti. Ngalula nimempeleka kwa jirani. Mlango wa chumba umefungwa. Kanku ndiye aliyeufunga, na si Banza. Naliandika hilo ili nisilisahau: mi nimemleta, na yeye ameufunga.

Saa tatu. Banza anauliza: paji la uso? Kanku anajibu, sauti ya chini. Pinso linakwaruza.

Saa nne. "Hapana. Si yeye."

Inafutwa. Wanaanza tena. Pua. Nyusi. Natega sikio kama mwizi, katika nyumba yangu.

"Hapana, Banza."

Saa tano. Pinso linawekwa chini. Kisha Kanku, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu nimuoe: "Nikifunga macho, naona chokaa. Chokaa tu."

Analia sasa.

Nimesimama. Nimefika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Mi ndiye bwana wake, mi ndiye wa kuingia. Na nikiingia nitasema nini?

Ndani Banza anasema pole, Henriette. Pole. Tuache sura. "Alikuwa natembea namna gani?"

Anauliza tena:

"Barabarani, Yenga, siku ya misa, na ile suti. Namna gani?"

Kitanda kinalia: Kanku amenyanyuka. Miguu mitupu sakafuni. Hatua mbili, anasita. Hatua tatu. Kisigino kinaburuzika kidogo mwishoni, halafu kinaachia. Anafika ukutani, anageuka. Anarudi. Sasa haraka zaidi, ana uhakika, na kitu kinapiga paja lake kila hatua, nadhani ni kiganja.

Pinso limeanza tena.

Nimeondoa mkono kwenye kitasa, nimerudi kukaa. Kanku anatembea mule ndani, mwendo wa yaya wake. Banza anaona. Mi nasikia miguu tu.