Daftari za Mvua za Baba

Kiboko,
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, na kama umesimama tafadhali kaa kwanza. Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi aliyekataa kunyonyesha, alikubali? Mimi mwili uko sawa, lakini roho haijatulia tangu Ijumaa. Nimekupigia simu mpaka nikachoka. Imezimwa, na najua iko sokoni kwa yule wa kuchaji. Ndio maana nampa Mama Kyalo barua hii, anakuja Zombe kesho kuuza mitumba.

Mwaitu, naogopa. Wacha nikueleze polepole.

Ile kompyuta kuukuu ya ofisini, tunakoweka rekodi za mvua, iliyo na mvua yote ya marehemu Baba, ilikataa kuwaka. Si unakumbuka vile nilikaa likizo nzima nikiingiza daftari zake, mvua aliyopima kila asubuhi kwa ule mkebe wa nyuma ya ghala? Programu yake ni ya kitambo, na inataka mfumo wa kuendesha mashine wa kitambo pia, wa ukoo unaoitwa Unix, unaowekwa kwa flopi, zile diski bapa za plastiki. Bwana Musau, mkubwa wangu, akaniambia niuweke upya. Lakini kwanza akaniuliza, "Mutheu, hizo rekodi za Zombe ziko na kopi?"

Nikamjibu, "Ziko. Daftari ziko nyumbani."

Nikaanza. Flopi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Mashine ikasema imemaliza, sasa inajizima na kujiwasha. Ilipowaka, badala ya kuingia, ikaniuliza maswali yale yale ya mwanzo. Nikafikiri nimekosea mahali, nikarudia. Ikazimika, ikawaka, ikauliza tena, kama mtoto wa Sunday school anayesahau mstari na kurudi mwanzo. Niliomba, Mwaitu, hapo hapo kwa kiti. Mara ya nne nilikuwa nabonyeza ndiyo bila hata kusoma.

Unajua shida ilikuwa nini? Ile flopi ya kuwashia nilikuwa nimeiacha ndani. Mashine ikiamka huangalia flopi kwanza, na ikiikuta inaanza kuweka mfumo upya. Nilipoitoa, iliwaka vizuri kabisa. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikafungua mahali mvua ya Baba hukaa. Hakuna kitu. Katika ile ndiyo ndiyo yangu, moja ilikuwa ya kufuta ile sehemu ya diski inayoweka rekodi.

Bwana Musau hajui. Yuko mkutanoni mjini Wote, anarudi Jumatano. Kazi ikienda, nitalia na itapita. Lakini Baba alitoka kwenda kwa ule mkebe hata akiwa na homa iliyomuua, na mimi nimemfuta kwa kidole kimoja.

Nikajiambia, tulia, daftari zipo. Nikanawa uso. Ndipo nikakumbuka Krismasi, tukiwa jikoni, kuni zimelowa. Uliniuliza, "Karatasi za baba yako nizifanyie nini?" Na mimi, na kiburi changu cha kusoma, nikakuambia, "Washa moto nazo, Mwaitu. Zote ziko kwa kompyuta." Nilikuona ukirarua ya kwanza.

Tafadhali. Kabla hujampa Mama Kyalo chai, angalia lile sanduku chini ya kitanda. Zilizobaki usiziguse tena, hata zilizoliwa na mchwa, hata nusu ukurasa. Zifunge kwa leso umpe arudi nazo. Moto washa na mabua, washa na maganda ya mbaazi. Na kama zimeisha, usimtume mtu aniambie. Nipigie mwenyewe. Hata usiseme kitu, nitajua kwa vile utanyamaza.

Nisalimie Muthui, kitindamimba wetu, na shangazi Kalondu. Mchungaji mwambie aniombee, asiulize ni nini.

Ni mimi mtoto wako, niliyekuambia uwashe,

Mutheu