Kiota mu Haut-parleur ya Kanisa

Mubi, mwezi wa kumi

Kaka yangu mupenzi Nestor,

Nakusalimia sana mu jina la Bwana, weye, shemeji Euphrasie na watoto wote. Habari ya Nyamitaba? Ngombe ziko na afya? Na goti la Mama? Usiniandikie tu kwamba anaendelea bien, niambie ukweli. Siye huku tuko wazima, njia tu njo mubaya: malori yanalala mu matope mbele ya kanisa.

Nimesikia umekwisha kusema na wazee, munakuja kuniombea Gentille kwa babake, Papa Pasteur Théophile. Asante kabisa, kaka! Lakini mbele ya kupanda pikipiki, soma barua hii mpaka mwisho. Weye njo utasema kwa jina la jamaa, na sitaki wakuulize kitu ubaki mudomo wazi.

Unajua mimi njo technicien wa sauti wa kanisa. Ampli, mikro, groupe ya kutoa umeme, vyote viko mu mikono yangu, na bila kujisifu, hakuna muntu mu Mubi anayevijua kunishinda. Juu ya paa tuko na haut-parleur moja yenye mudomo mupana, inaangalia barabara. Tukiwasha, hata shofa wa lori anayepita mbio anasikia Neno.

Basi, mwaka jana groupe ilikosa mafuta muda murefu, kukawa kimya, na ndege wawili, inyamanza, wakajenga kiota ndani ya ule mudomo. Mafuta yakafika, campagne ya injili ikaanza, sauti ikalipuka. Ndege walitoka mbio. Walikuwa wanarudi, wanatua pembeni, wanatikisa mukia, tunawasha tena, wanaruka. Mwishowe hawakurudi. Nilipopanda kupangusa nilikuta mayai yako baridi. Iliniuma sana, kaka. Inyamanza njo ndege ya ukoo wetu. Kwetu akijenga kwa nyumba yako, hata mutoto mutundu hamugusi. Unakumbuka marehemu Papa alivyokuwa anaacha paa livuje mpaka watoto wa ndege waruke? Watu wa huku hawana desturi hiyo, na si kosa lao. Wako na nyama zao za pori wasizogusa, nami naziheshimu.

Mwaka huu wakarudi, pale pale! Shemasi Zéphyrin, mwenye haraka kuliko Ufufuo, akasema ataleta fimbo ndefu atoe kiota, maana majani yanaziba sauti. Nikamuambia aache, hiyo ni kazi ya technicien. Jumapili iliyofuata ampli ikanyamaza.

Weh, kanisa lilihuzunika! Waliiombea ampli, waliiwekea mikono. Gentille, maana yeye njo anaongoza chorale, aliimba bila mikro mpaka koo ikakauka, halafu akanicheka mbele ya wenzake: eti technicien gani anashindwa na sanduku? Nami nacheka. Nafungua ile ampli, naikodolea macho, naifunga. Lakini Mama Verdiane, muzee anayeuza ndizi karibu na kanisa, alianza kufunga kula kwa ajili ya machine. Akaanguka mu sala. Tulipomubeba kumupeleka kwake, alikuwa anauliza kama machine imepona.

Sasa nakuambia wazi: ampli haikufa hata siku moja. Ni mimi nilitoa fusible, kale kawaya kanakopitisha umeme. Ilikuwa mu mufuko wa shati yangu, hata wakati walipokuwa wanaomba. Ningesema mbele, Zéphyrin angepanda na fimbo yake. Kwa ndege sijuti. Kwa njaa ya Mama Verdiane najuta sana.

Jana nilikwenda kwa Papa Pasteur nikaweka fusible juu ya meza, nikamueleza vyote. Ni muntu anayesema kila mara kwamba hatatoa binti yake kwa muongo. Akasema nimedanganya kanisa, na sababu nzuri haiondoi hiyo. Akanituma nimuombe Mama Verdiane musamaha. Mama yule alinitukana vizuri, akanipa ndizi, akauliza kama watoto wa ndege wako wanene.

Niliporudi, Pasteur aliuliza kama wameruka wote. Nikajibu kamebaki kamoja, kako na woga. Akachukua fusible, akaitia mu mufuko wa koti yake mwenyewe. Akasema siku kale kadogo katakaporuka, ataitoa, nami nitasimama mbele ya kanisa nzima na kusema niliyoyafanya. Baada ya hapo njo jamaa yangu inaweza kuja. Si mbele.

Kwa hiyo, kaka, musitoke kwanza. Waambie wazee kwamba tunangojea ndege. Wao watasikia maana yake.

Gentille alikasirika, jana nzima hakunisemesha. Lakini leo asubuhi nimemukuta anasimama chini ya paa na kitenge chake cha ibada, anaangalia juu, anabembeleza kale kadogo kaharakishe. Ilibidi nimuvute pembeni, maana wazazi wa kale kandege walikuwa na mududu mu mudomo na waliogopa kushuka kwa sababu yake. Tukasimama mbali wote wawili, tukiangalia.

Musalimie Mama sana, umupake dawa goti. Bwana awalinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mudogo wako,
Patient Kanyamibwa