Samli ya Mtihani

Sumbawanga
12 Juni 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku juu inachubua midomo. Mashaka yangu ni juu yenu huko Kipili, baba na mguu wake, na yule ndama kama amepona. Samli uliyompa Mathias wa lori la dagaa imefika salama kwenye kopo lake. Asante sana. Nimewagawia wenzangu, bweni zima limeifurahia.

Mama, kichwa changu kimegoma. Nasoma ukurasa mzima wa Biolojia, nikifunga daftari hakuna kilichobaki. Katika jaribio la juzi nimekuwa wa thelathini na moja, mimi niliyekuwa wa nne. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Nikifeli, kidato cha tano sikioni, na ule udaktari tulioupanga ndio basi. Wasichana wanasema kuna mtu amenitupia jicho. Naomba nirudi nyumbani, babu anipe dawa.

Mwanao,
Kabula

Kipili
26 Juni 1994

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako anachechemea, ila ulimi wake hauchechemei. Ndama amepona, siku hizi anamfukuza mbwa.

Barua yako nimeisoma, nikakaa chini nikairudia. Lakini babu yako simwambii kitu. Ng'ombe akikauka maziwa, baba yako hakimbilii kwa mganga, anauliza kwanza alichungwa wapi. Na mimi nakuuliza hivyo hivyo. Niandikie unakula nini, asubuhi mpaka jioni. Usiniandikie "nakula vizuri", hilo mwambie mgeni. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na siku niliyokwenda na njaa nilimwona mwalimu anachezesha midomo tu.

Mama yako

Sumbawanga
10 Julai 1994

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Nasema kweli kama ulivyotaka. Asubuhi sili. Foleni ya uji ni ndefu, naona heri nisome. Saa nne nakunywa chai ya rangi na biskuti mbili. Siku hizi maduka ya mjini yamejaa biskuti za kila aina, siyo kama zamani ulipokuwa unapanga foleni ya sabuni. Mchana ni ugali na maharage, naacha nusu, maana kidato cha nne wote tunajua shibe inaleta usingizi. Jioni vilevile, kisha nasoma mpaka macho yaniwashe. Rafiki yangu Evodia hutembea kutoka kwao Pito na chupa ya uji wa ulezi wenye karanga, anakunywa mbele za watu bila aibu, na ndiye anayeongoza darasa. Sijui ana bahati gani.

Kuhusu samli usiwe na wasiwasi, haipotei bure. Miguu yangu inang'aa mpaka matroni ameisifia.

Mwanao,
Kabula

Kipili
24 Julai 1994

Kabula,

Marahaba. Sisi wazima, na salamu zimetosha.

Miguu?

Baba yako nilipomsomea hapo alicheka mpaka akasahau mguu wake unauma. Mimi sikucheka. Wiki tatu nimetikisa kibuyu cha maziwa kila asubuhi hadi mkono ukafa ganzi, nikiwaza mwanangu anaweka kijiko kwenye uji, kumbe nawapaka mafuta wasichana wa bweni zima na matroni juu! Halafu nikalikumbuka kopo. Ni mimi niliyeitia samli kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, tena bila maelezo. Na ni mimi niliyekupaka samli tangu una siku tatu. Ungejuaje? Nisamehe mwanangu, nami nimekusamehe.

Sasa sikiliza. Hujarogwa, una njaa. Mathias anakuletea samli kwenye chupa, dagaa wa kukaanga na karanga. Panga foleni ya uji, na daftari lako lisome humohumo kwenye foleni. Tia samli kijiko kimoja. Dagaa kula na vichwa vyao. Maharage na mboga za majani maliza. Maji kunywa, hata kama ni baridi. Biskuti ziwe za Jumapili. Macho yakiwasha, lala. Ukila hivyo mpaka Septemba na kichwa bado kimegoma, njoo nyumbani, sitakuuliza neno.

Mama yako

Sumbawanga
2 Oktoba 1994

Mama,

Shikamoo. Najua Septemba imepita na hukuniona wala hukupata barua. Niwie radhi, nilitaka kwanza niwe na la kusema.

Haikuwa kazi ya siku moja. Wiki ya kwanza nilisinzia kweli, wenzangu wakanicheka, na nusura niache. Baadaye siku moja nikafunga daftari, na ukurasa nikawa bado nauona. Nilifungua kuhakikisha. Ulikuwa vilevile! Nililia, mama, kwa furaha. Jaribio la mwisho nimekuwa wa sita. Evodia ananipa ulezi, nami nampa dagaa. Sirudi nyumbani mpaka nimalize mtihani.

Mwanao,
Kabula

Kidato cha Tano, Morogoro
16 Julai 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpelekee baba. Safari ilikuwa siku nne, mgongo umechoka lakini nimefika. Evodia naye yuko hapa, tunalala kitanda cha juu na cha chini.

Jana mwalimu wa Biolojia aliuliza nani atamtajia kazi za mafuta mwilini. Nilisimama nikazitaja zote, kisha nikashindwa kukaa kwa kicheko. Hakujua ninacheka nini. Mama, ungeniruhusu nirudi Juni ile, leo ningekuwa hapo Kipili nakunywa dawa ya babu, na kila mtu angeamini sina akili.

Samli imebaki nusu. Ukituma nyingine, tafadhali andika KULA juu ya chupa kwa herufi kubwa. Kitanda cha jirani kuna msichana wa Shinyanga, na asubuhi hii nimemkuta ameishika, anaangalia miguu yake.

Mwanao,
Kabula